Saini kwenye skrini ipo, kwenye karatasi hewa: siku nne na fomu ya Access

Kuna kazi nimeimaliza juzi ambayo nilipopigiwa simu nilisema hii ni ya nusu saa tu, naenda, nabonyeza vitufe viwili, nachukua hela ya nauli na soda narudi zangu home. Ikanila siku nne. Naiandika hapa ikiwa bado ya moto kwa sababu najua kuna mtu huko aliko anahangaika na kitu hichohicho saa hizi na anataka kuitupa printa dirishani.

Mteja ni saccos moja hapa Moro, jina tuliache. Wana databesi ya Access (ile programu ya Microsoft ya kutunza kumbukumbu) alitengeneza kijana mmoja miaka ya nyuma kisha akahama mji, na nyie mnajua databesi za hivi zilivyo, unafungua unakuta fomu inaitwa Form1, nyingine Form1_mpya, nyingine Form1_mpya_HII_NDIO. Ila inafanya kazi, wanachama wanakopa wanalipa, siwezi kumsema vibaya kijana wa watu. Sasa majuzi uongozi ukanunua vile vibao vya kusainia vya USB, mwanachama anashika kalamu ya plastiki anasaini juu ya kibao na saini inatokea palepale kwenye fomu ya mkopo. Kibao kinakuja na kontroli yake ya ActiveX, yaani kiprogramu kidogo cha mtengenezaji mwingine kinachokaa ndani ya fomu, unaipachika kwenye fomu kama unavyopachika boksi la maandishi, unaandika mistari miwili mitatu ya kodi (code, yale maagizo ya programu), kazi imeisha. Kwenye skrini ni nzuri mpaka raha.

Wakaprinti. Fomu ikatoka na jina, namba ya uanachama, kiasi, riba, wadhamini wawili, kila kitu kipo. Pale chini kwenye saini, fremu imechorwa vizuri kabisa, na ndani ya fremu nyeupe pee.

Nilipofika nikakuta mzee mmoja amekaa kwenye benchi, kofia ameiweka gotini, alishasaini mara tatu tangu asubuhi. Dada wa kaunta alikuwa anamwambia babu jaribu tena safari hii kandamiza kwa nguvu kidogo. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba. Wewe ndio fundi mwenyewe?" Nikamwambia ndio. "Haya niambie basi mjukuu wangu, mimi hapo nimeandika jina langu au nimeandika hewani?" Sikuwa na jibu. Wakampa karatasi akasaini kwa peni ya wino juu ya ile fremu tupu, akaondoka, mkopo ukaenda. Kwa hiyo kusema kweli tatizo lilikuwa na dawa yake tayari, dawa ya shilingi mia tano, ila meneja alishanunua vibao na hakutaka kusikia habari ya peni.

Kitu cha kwanza kila mtu analaumu printa. Mhasibu aliniambia hiyo printa ina mambo yake, wiki iliyopita ilimtolea mistari. Nikasema sawa mama, lakini kabla hatujaifungua tuulize kwanza kwa njia ya bure. Kwenye Windows 10 na kuendelea kuna printa ya bandia inaitwa Microsoft Print to PDF, ukituma kazi huko haitumii karatasi wala tona, inakupa faili tu. Nikaituma fomu huko, nikafungua faili, na ndani ya fremu ni nyeupe vilevile. Basi printa ya mama wa watu haina kesi. Hiki kipimo kinachukua dakika moja na kinakuondolea nusu ya ubishi wa ofisini, fanya hicho kwanza kabla hujashika kebo yoyote.

Hapohapo nikafanya ujinga wangu wa siku hiyo. Nilirudi kwenye printa halisi kuhakikisha, nikabonyeza Ctrl+P nikapiga OK bila kuangalia. Nilisahau kwamba ukiprinti fomu ya Access bila kuchagua, yenyewe haiprinti ule mkopo ulioko mbele yako, inaprinti rekodi ZOTE zilizoko kwenye ile fomu. Mikopo yote tangu databesi ianzishwe. Printa ikaanza, tatatata, mimi nadhani ni kurasa mbili, naongea na meneja huku nimeipa mgongo, mpaka dada wa kaunta anasema kaka hiki kitu kinaisha saa ngapi. Ilishakula karibu nusu rimu. Nikachomoa waya wa umeme kama mtu anayezima moto. Kwa hiyo ukilazimika kuprinti fomu, kwenye lile dirisha chagua "Selected Record(s)", au kwenye kodi tumia PrintOut na acSelection. Karatasi zilizoharibika wakaamua kuziandikia upande wa pili, mpaka leo wanazo.

Turudi kwenye saini. Kuna vitu viwili vidogo kwenye Access ambavyo vinaficha kitu kwenye karatasi bila kukwambia, na ndivyo nilivyoanza navyo. Kimoja, kila kontroli ina setingi inaitwa Display When yenye majibu matatu: Always, Print Only na Screen Only. Mtu akiiweka Screen Only, kwenye skrini inaonekana na kwenye karatasi haipo kabisa, na hii ni nzuri kwa vitufe kama "Hifadhi" na "Funga" ambavyo hakuna anayetaka kuviona kwenye mkataba. Kingine kiko kwenye Page Setup, kisanduku kinaitwa "Print Data Only", ukikitiki maandishi ya pembeni, mistari na fremu vyote vinapotea inabaki data peke yake. Watu wanakitumia wakiwa na karatasi zilizokwishachapwa tayari kiwandani. Nikaangalia vyote viwili. Display When ni Always, kisanduku hakina tiki. Na kwa kweli kama ningetuliza akili ningejua mapema, maana fremu ilikuwa inatoka. Kingekuwa ni kimoja kati ya hivyo viwili, fremu nayo isingetoka.

Nikalala nayo hiyo fremu. Kwa nini fremu itoke na saini isitoke wakati kwangu mimi ni kitu kimoja?

Kumbe sio kitu kimoja. Hapa ndipo penyewe, na nikishaeleza hapa mengine yote yanakuwa mepesi. Fikiria nyumba ya kupanga. Access ndio mwenye nyumba, kontroli ya ActiveX ni mpangaji aliyepewa chumba kimoja. Ukuta wa nje na rangi yake ni vya mwenye nyumba, vilivyomo ndani ni vya mpangaji na mwenye nyumba hana hata funguo. Kwenye skrini hiyo kontroli ina kadirisha kake kenyewe ndani ya fomu, Windows ikiiambia jichore inajichora humo, Access haihusiki na wala haijui ndani kuna saini au kuna picha ya ng'ombe. Sasa ukibonyeza printi, karatasi haina dirisha. Access inachora ukuta wake, yaani fremu, halafu inagonga mlango wa mpangaji inamwambia bwana naomba ujichore tena, safari hii sio kwenye kadirisha kako, jichore hapa kwenye turubai ya printa. Kwa wale wanaoandika kodi za programu, mlango huo unaitwa IViewObject na ombi lenyewe ni Draw. Aliyetengeneza kontroli akiwa amekumbuka kuandika hiyo njia ya pili, unapata saini. Akiwa hakukumbuka, au aliiandika ili mradi ipo, unapata nyeupe, au unapata boksi jeusi tii, au unapata kitu kimesinyaa kwenye kona kama stempu kwa sababu kimechorwa kwa vipimo vya skrini kwenye turubai ya printa yenye nukta nyingi zaidi. Na watengenezaji wengi wa vitu hivi wanajaribu kwenye skrini tu, wakiona kinang'aa wanafunga mzigo wanauza.

Kuna dalili nyingine ya jambo hilihili ambayo huenda umeshakutana nayo. Jaribu kuweka kontroli ya ActiveX kwenye fomu ya aina ya "Continuous Forms", ile inayoonyesha rekodi nyingi zikishuka chini, Access itakukatalia, inakwambia haiwezekani. Zamani nilidhani ni roho mbaya tu. Sababu ni ileile, mpangaji ni mmoja, chumba kimoja, hawezi kuwa kwenye mistari ishirini kwa wakati mmoja.

Ili niwe na uhakika nikatengeneza fomu mpya tupu, haina data, haina kodi ya mtu, nikaweka ile kontroli peke yake katikati, nikasaini jina langu, nikaituma kwenye PDF. Nyeupe. Basi, databesi ya kijana wa watu nayo imeachiwa huru. Kontroli haijui kuprinti, na mimi siwezi kuifungua ndani niifundishe.

Siku ya pili nzima niliipoteza kwa kutaka kuilazimisha. Niliibadilishia ukubwa, nikaizungusha kwenye setingi zake zote, nikabadili draiva ya printa, nikaandikia waliotengeneza (wakanijibu kwa heshima kwamba nihakikishe kibao kimechomekwa vizuri). Usinifuate huko. Kontroli ikishaonyesha kwamba kwenye fomu tupu haiprinti, achana nayo, usibembeleze.

Njia iliyofanya kazi ni kuacha kabisa kuprinti fomu. Fomu ni ya kujazia, kuprinti ni kazi ya ripoti, yaani ule ukurasa wa Access unaopangwa kwa ajili ya karatasi, na hili wakongwe wa Access wameimba miaka yote ila sisi tunaliona ni mbwembwe kwa sababu fomu ndio hii hapa mbele yetu tayari imepangwa vizuri. Na kontroli usiiombe ijichore, iombe ikupe PICHA. Kontroli nyingi za saini na za chati zina amri ya kuhifadhi kilichomo kama faili la picha, hata hii ya kwetu ilikuwa nayo, imejificha mwishomwisho wa mwongozo. Kwa hiyo mwanachama akishasaini, kitufe cha "Hifadhi" kinaiambia kontroli hifadhi PNG kwenye folda fulani, jina la faili ni namba ya mkopo, halafu njia ya hilo faili (anwani ya mahali lilipo) inaandikwa kwenye jedwali, pale databesi inapotunza data, kama maandishi ya kawaida. Kwenye ripoti unaweka kontroli ya Image ya Access yenyewe, na kuanzia Access 2007 hiyo Image ina Control Source, setingi ya kusema data itoke wapi, unaielekeza tu kwenye ile fildi yenye njia ya faili, inachukua picha yenyewe, huandiki hata mstari wa kodi. Hiyo Image ni mtoto wa mwenye nyumba, haina haja ya kugongewa mlango.

Picha usizitumbukize ndani ya databesi, nakuomba. Faili la Access mwisho wake ni GB 2, na picha zilizowekwa kwa ile njia ya zamani ya OLE, ya kupachika picha ndani ya jedwali lenyewe, zinavimba ajabu. Weka kwenye folda, databesi ibaki na njia tu.

Nikaprinti. Saini ikatoka. Nikapiga kelele, mhasibu akadhani nimepigwa shoti.

Halafu yakaanza madogomadogo, na haya ndiyo yaliyokula siku ya tatu na ya nne.

La kwanza, dada wa kaunta anajaza mkopo mpya, anasainisha, anabonyeza Printi, ripoti inatoka tupu, akifunga na kufungua tena inatoka sawa. Hii inawachanganya wengi sana. Unapojaza fomu, yale mabadiliko bado yako mkononi mwa fomu, hayajashuka kwenye jedwali, na ripoti inasoma jedwali. Ile alama ya kalamu pembeni ya rekodi ndiyo inakwambia bado. Dawa ni mstari mmoja kabla ya kufungua ripoti:

If Me.Dirty Then Me.Dirty = False
DoCmd.OpenReport "rptMkopo", acViewPreview, , "NambaMkopo=" & Me.NambaMkopo

Huo mstari wa pili nao ndio unazuia yale mambo ya nusu rimu, unaprinti mkopo huo mmoja tu.

La pili, kwenye kompyuta ya kaunta saini inatoka, kwa mhasibu haitoki. Ripoti ileile, databesi ileile kwenye seva. Nikatazama kwenye jedwali nikaona njia inaanza na Z:\saini, na kwa mhasibu ile folda ya seva imeunganishwa kama Y. Yaani alfabeti moja. Nikabadilisha zote zianze na jina la seva lenyewe, zile za mikwaju miwili (\\) mbele, na kila mtu akaona.

La tatu, kila karatasi inayotoka inafuatiwa na karatasi nyeupe. Hili halihusiani na saini ila lilikuwepo siku zote, walishazoea, dada anazitoa nyeupe anazirudisha kwenye trei. A4 ina upana wa sentimita 21, ukiacha pambizo za 2.54 kila upande unabaki na 15.92. Ripoti yao ilikuwa na upana wa 16.3 kwa sababu mstari mmoja wa urembo ulivutwa ukapita kidogo. Hicho kidogo kinachozidi kinahesabiwa kama ukurasa wa pili. Nikaurudisha mstari, nikapunguza upana wa ripoti yenyewe pia maana haurudi wenyewe, basi. Na hapohapo angalia ukubwa wa karatasi usiwe Letter, kwa sababu ripoti ya Access inaweza kutunza setingi za printa ya mtu mwingine huko ilikotengenezwa, na printa yako itakaa inawasha taa inaomba karatasi ambayo hata stationari za mjini hawauzi.

La nne lilikuwa bakodi. Kijana aliweka kontroli ya bakodi kwenye fomu kwa ajili ya namba ya uanachama, hii inaprinti ila inatoka mistari imeumuka na skana haisomi. Sikuhangaika hata dakika tano, nilishajifunza. Nikaitoa nikaweka fonti ya Code 39, aina mojawapo ya bakodi, kwenye boksi la kawaida la maandishi, fonti ni fonti, printa inaichora kwa ukali wake wote. Code 39 inataka nyota mwanzo na nyota mwisho, bila hizo skana inakaa kimya, kwa hiyo Control Source inakuwa ="*" & [Namba] & "*". Ukiona karatasi imetoka na nyota na namba badala ya mistari, ujue hiyo kompyuta haina fonti, isakinishe na hapo pia.

La tano sina dawa yake nzuri. Meneja ana laptopu mpya ina Office ya biti 64, na kontroli ya kibao ni ya biti 32. Ukifungua fomu inakwambia hakuna kitu kwenye hii kontroli. Nikaisajili kwa regsvr32, amri ya Windows ya kusajili kontroli, na hapa kuna mtego wa kuchekesha kidogo, kwenye Windows ya biti 64 folda ya System32 ndiyo ya biti 64 na ile SysWOW64 ndiyo ya biti 32, sijui nani alikaa akapanga hivyo. Ikasajilika vizuri, ikasema imefaulu, na Access bado ikagoma, kwa sababu Access ya biti 64 haiwezi kubeba kontroli ya biti 32 hata uisajili mara mia. Labda kutoa Office yote na kuweka ya biti 32. Meneja akasema yeye hasainishi watu, anaangalia ripoti tu, na ripoti sasa ina picha sio kontroli kwa hiyo kwake inafunguka bila shida. Tukaachia hapo.

Siku ya nne mchana yule mzee akarudi, alikuja kuulizia kitabu chake. Nikamwomba anisaidie kujaribu. Akasaini, nikaprinti, nikampa karatasi kwa mikono miwili kama cheti. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. "Ndiyo yangu. Lakini mbona ina mabonde?" Kweli ilikuwa na ngazingazi, kontroli ilikuwa inahifadhi picha ya pikseli 300 kwa 100, na kwenye skrini hazionekani. Nikaenda kwenye kodi nikaiongeza iwe 1200 kwa 400, kwenye ripoti nikaacha upana uleule wa sentimita tano na Size Mode ikiwa Zoom, yaani picha ijae kwenye nafasi yake bila kupindishwa, nikamwomba asaini tena.

"Hii ya ngapi sasa?" akauliza.

Ya tano mzee, nikamwambia. Akasaini.